Mwanangu aliugua kwa sababu ya uchafu wangu?

Swali: Shikamoo daktari. Nina watoto wawili, mmoja wa miaka 4 na mwingine wa miezi 11. Miezi miwili iliyopita huyu mdogo aliharisha na kutapika mpaka akalazwa siku tatu na kutundikiwa dripu. Yeye amepona, mimi bado. Nadeki mara tatu kwa siku kwa dawa. Chooni nachanganya dawa ya klorini na ile ya kung'arishia choo ili iwe kali, ingawa macho yananiwasha na nakohoa. Sabuni nayotumia ni ile tu iliyoandikwa inaua vijidudu, na chupa ya kitakasa mikono haitoki mkobani. Mikono yangu imepasuka hadi inatoa damu. Mama mkwe anasema nawaharibu watoto, eti mtoto asiyekula udongo hawi imara. Nani mkweli kati yetu? Na niambie bila kunificha: mwanangu aliugua kwa sababu ya uchafu wangu?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Pole kwa zile siku tatu za hospitali, na pole kwa mikono yako. Maswali yako nitayajibu yote, lakini naanza na jambo ambalo hukuliuliza, maana halisubiri kesho.

Acha kuchanganya dawa. Dawa nyingi za kung'arishia choo ni asidi, na klorini ikikutana na asidi hutoa gesi. Ni gesi ileile iliyotumiwa kama silaha ya vita huko Ypres, Ubelgiji, mwezi Aprili 1915. Klorini ikikutana na amonia, iliyomo kwenye baadhi ya dawa za kusafishia vioo, hutoa gesi nyingine inayochoma mapafu. Choo cha nyumbani ni chumba kidogo, na bila shaka mlango unaufunga ili watoto wasiingie. Kule kukohoa na macho kuwasha ni mwili unakuonya. Tena ule ukali ulioutafuta huupati, kwa sababu klorini inayopaa hewani ndiyo hiyohiyo iliyopaswa kubaki majini ikaua vijidudu. Tumia dawa moja kwa wakati mmoja, dirisha likiwa wazi. Kama chupa ya klorini imeandikwa asilimia 5, kipimo kimoja cha dawa kwa vipimo 49 vya maji ya baridi kinatosha hata pale palipotapikwa. Ondoa kwanza uchafu wenyewe, sugua kwa sabuni, suuza, ndipo upake dawa na kuiacha angalau dakika 5. Ukiimwaga juu ya uchafu, nguvu yake yote inaishia kwenye uchafu. Na uchanganye mpya kila siku, kwani iliyolala imekwisha nguvu.

Sasa lile swali lako la mwisho, ambalo naona ndilo linalokunyima usingizi.

Kuharisha na kutapika kwa mtoto wa umri huo mara nyingi huletwa na virusi, na kinara wao kwa miaka mingi ni virusi vya rota. Ruth Bishop na wenzake walivigundua mwaka 1973 huko Melbourne, Australia, walipochunguza kwa darubini ya elektroni vipande vidogo vya utumbo wa watoto waliolazwa kwa kuharisha. Kabla chanjo haijapatikana, karibu kila mtoto duniani aliambukizwa virusi hivi angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 5. Nasema karibu kila mtoto: aliyezaliwa kwenye nyumba ya maji ya bomba na sakafu inayong'aa, na aliyezaliwa kwenye kambi ya wakimbizi. Kilichowatofautisha ni matibabu. Mmoja alirudishiwa maji mwilini mapema akapona, mwingine hakuyapata. Usafi peke yake ungekuwa unatosha, nchi tajiri zingekwisha kuusahau ugonjwa huu zamani sana. Ndiyo maana mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri chanjo ya rota iingizwe kwenye mpango wa chanjo wa kila nchi. Fungua kadi ya kliniki ya mwanao uangalie kama aliipata. Ni matone ya mdomoni, na huanza kutolewa mtoto akifikisha wiki 6. Kama hayakuandikwa, waulize wahudumu wa kliniki kama bado anaweza kupewa.

Kwa hiyo siwezi kukuhukumu kwa ugonjwa ule, na wewe usijihukumu. Ulimpeleka hospitali mapema, akapata maji. Hiyo ndiyo kazi ya mzazi, na uliifanya.

Hilo halina maana kwamba usafi hauna kazi. Una kazi kubwa mno, ila nguvu zako umezipeleka pasipohitajika. Unavifukuza vijidudu vyote, kila mahali, saa zote, na hilo haliwezekani hata kwenye chumba cha upasuaji. Mwili wako wenyewe umebeba bakteria wapatao trilioni 38, kwa makadirio yaliyochapishwa mwaka 2016, huku seli za mwili wenyewe zikiwa kama trilioni 30. Wengi wa bakteria hao wanaishi kwenye utumbo mpana. Wanatusaidia kuvunjavunja chakula na wanajaza nafasi ambazo wabaya wangezikalia. Sakafu nayo, mguu wa kwanza ukikanyaga baada ya kudeki, imekwisha pata wakazi wapya, na karibu wote hawana neno na mtu.

Wale wachache wenye madhara hawana miguu wala mabawa. Wanabebwa. Wanabebwa na vidole, maji, chakula, nzi, chafya, kitambaa kibichi. Kazi yako ni kujua wamepanda chombo gani, na kuwashusha njiani kabla hawajafika mdomoni. Magonjwa ya kuharisha karibu yote yana safari moja: yanatoka kwenye kinyesi cha mtu au mnyama yanaingia kwenye kinywa cha mtu mwingine, na chombo kinachopendwa zaidi ni mkono. Huko Australia wanafunzi 26 wa udaktari walirekodiwa kwa video wakiwa darasani, matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Kwa wastani kila mmoja aligusa uso wake mara 23 kwa saa, na karibu nusu ya miguso hiyo ilikuwa mdomoni, puani au machoni. Hao ni watu wanaosomea magonjwa. Mtoto wa miezi 11 sina haja ya kumhesabia.

Kuna kisa ambacho huwasimulia wahudumu wapya kila mwaka, maana kinaeleza jambo hili kuliko maelezo yangu yote. Katika hospitali kuu ya Vienna, miaka ya 1840, kulikuwa na wodi mbili za kujifungulia. Moja ilikuwa ya madaktari na wanafunzi wao, nyingine ya wakunga. Kwenye ile ya madaktari akina mama walikufa kwa homa ya uzazi kwa wingi sana kuliko kwa wakunga, hata wajawazito wakawa wanalia na kusihi wasipelekwe huko. Daktari kijana, Ignaz Semmelweis, alikuna kichwa kwa jambo hili bila kupata jibu, mpaka mwaka 1847 mwenzake, Jakob Kolletschka, alipochomwa na kisu wakati wa kupasua maiti, akaugua na kufa. Mwili wake ulipochunguzwa ulikutwa na mambo yaleyale waliyokuwa wakiyaona kwa wale mama. Hapo Semmelweis akaiona njia: madaktari na wanafunzi walikuwa wakitoka moja kwa moja kwenye chumba cha maiti kwenda kuzalisha, na mikono ileile. Akaamuru kila mtu anawe kwa maji ya chokaa ya klorini kabla ya kumgusa mzazi. Mwezi Aprili walikuwa wamekufa kama mama 18 katika kila 100. Kufikia Juni na Julai walikuwa kama 2, hata chini ya hapo.

Angalia alichokifanya. Hakubadilisha jengo, hakudeki mara tatu kwa siku, na hakuwa anajua bakteria ni nini, kwani elimu hiyo ilikuwa bado. Alikata njia moja, mahali pamoja, kwa wakati unaofaa.

Wakati unaofaa nyumbani kwako ni huu. Ukitoka chooni. Ukimaliza kumtawaza mtoto au kumbadilisha nepi, na hapa wengi hukosea kwa kudhani kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara, ilhali ndicho kinachobeba virusi vya rota kwa wingi. Kabla ya kupika, kabla ya kula na kabla ya kulisha. Ukimaliza kushika nyama mbichi. Ukimaliza kupenga kamasi, lako au la mtoto, na ukimaliza kumhudumia mgonjwa. Nyakati hizi ukizishika sawasawa umefanya sehemu kubwa ya kazi, hata kama sakafu ina vumbi.

Na sabuni ya kawaida inatosha. Huko Karachi, Pakistani, watafiti waligawa sabuni na kufundisha familia kunawa, baadhi wakapewa sabuni ya kawaida na baadhi ile ya kuua vijidudu. Kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005, kuhara kwa watoto kulipungua kwa zaidi ya nusu, na nimonia kwa watoto wa chini ya miaka 5 ilipungua kwa nusu. Kati ya sabuni mbili hizo haikuonekana tofauti. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipiga marufuku viambato 19 kwenye sabuni za namna hiyo zilizouzwa kwa watu wa kawaida, mojawapo triklosani, kwa sababu watengenezaji walishindwa kuonyesha kwamba ni salama kwa matumizi ya kila siku na kwamba zinashinda sabuni na maji. Mengi ya maandishi makubwa yaliyo juu ya pakiti yapo kwa ajili ya kukuogopesha wewe mama.

Nikueleze sabuni inavyofanya kazi, maana ukilielewa hili hutanawa tena kama zamani. Ngozi ya mkono ina mafuta, na vijidudu vimenasa kwenye mafuta hayo kama vumbi kwenye sufuria isiyooshwa. Maji matupu hupita juu tu. Molekuli ya sabuni ina ncha mbili. Moja inapenda maji, nyingine inayakimbia na kutafuta mafuta ya kujichomeka. Unaposugua, mamilioni ya ncha hizo yanajichomeka kwenye mafuta ya mkono, yanayavunja kuwa vidonge vidogo mno visivyoonekana, na kila kidonge kinakuwa kimezungukwa na zile ncha zinazopenda maji. Yakija maji yanayotiririka, vyote vinaondoka pamoja, vijidudu vikiwemo. Virusi vya mafua makali na vya korona vina bahati mbaya zaidi, kwa sababu ganda lao la nje lenyewe ni la mafuta, na sabuni hulipasua. Virusi vya rota havina ganda la mafuta. Hivyo sabuni haiviui kirahisi. Inaving'oa tu, halafu maji yanavibeba. Kwa hiyo kwenye unawaji wako mambo makuu ni mawili, kusugua na maji kutiririka. Sugua angalau sekunde 20. Maji yakiwa ya baridi ni sawa kabisa, ya moto yanakukausha ngozi bure. Kama hakuna bomba, mtu akumiminie. Beseni moja ambalo kila mmoja anachovya mikono kwa zamu linagawa vijidudu kwa haki kwa familia nzima.

Huwa nafundisha kwa losheni inayong'aa chini ya taa ya zambarau. Mtu anaipaka mikononi kama mafuta, ananawa anavyonawa siku zote, kisha tunazima taa za chumba. Viganja vinatoka vyeusi, safi. Lakini vidole gumba vinawaka vyote viwili, hasa cha mkono anaoutumia zaidi, maana mkono huo ndio unaoosha mwenzake na wenyewe hausuguliwi. Ncha za vidole zinawaka. Pembezoni mwa kucha kunawaka kama uzi wa taa. Katikati ya vidole kuna mistari. Nimewaona wauguzi wa miaka mingi wakiitazama mikono yao gizani kimya. Na fikiria, sehemu zilizobaki ndizo hasa tunazotumia kumega chakula na kumlisha mtoto. Kwa hiyo shika kila kidole gumba kwa kiganja cha mkono wa pili ukizungushe, na ncha za vidole uzisugue ndani ya kiganja. Kucha ziwe fupi. Kisha kausha kwa taulo safi, kwani mkono mbichi hupokea na kutoa vijidudu kwa wingi kuliko mkavu.

Hapa ndipo naingia kwenye mikono yako iliyopasuka. Ngozi nzima ni ukuta. Wewe ukuta umeutoboa kwa dawa. Kwenye nyufa kama hizo hupenda kukaa bakteria aitwaye stafilokoka, na akitoka kwenye mkono wako akaingia kwenye chakula kilichoachwa vuguvugu, hutengeneza sumu isiyoharibika kwa kupasha moto. Utachemsha, bakteria watakufa, sumu itabaki, na ndani ya saa chache waliokula watatapika. Unaona jinsi hofu ilivyofungua njia mpya humohumo jikoni mwako? Vaa glavu za mpira unaposhika dawa yoyote. Nawa kwa sabuni laini katika zile nyakati nilizotaja, kausha kwa kugandamiza badala ya kusugua, na papo hapo paka mafuta mazito ya ngozi au gliserini. Usiku paka kwa wingi zaidi. Palipo na jeraha pafunike kabla ya kupika. Ngozi isipotulia ndani ya wiki mbili, au ikianza kutoa usaha, iangaliwe na daktari.

Kudeki, mara moja kwa siku kwa maji na sabuni kunatosha kwa nyumba yenye mtoto anayetambaa. Dawa iwe kwa ajili ya choo, na pale panapomwagika kinyesi, matapishi au damu.

Muda utakaobaki upeleke jikoni, maana huko ndiko wenye nyumba safi wanakojidanganya. Chukua sponji ya kuoshea vyombo, iminye, inuse. Mwaka 2017 watafiti wa Ujerumani walichapisha uchunguzi wa sponji 14 zilizotoka kwenye majiko ya watu. Kwenye baadhi ya sehemu walihesabu hadi bakteria bilioni 54 katika sentimita moja ya ujazo. Nyingine zilikuwa za watu waliosema wanazisafisha kwa kuzichemsha au kuzipasha, na hazikuonekana kuwa na bakteria wachache. Si kwamba wote hao wanaua, la. Ila sponji ina kila anachokitaka bakteria: unyevu, joto la jikoni, makombo, na vijishimo vya kujifichia visivyofikiwa na kitu. Ibadilishe mara kwa mara, isitumike kufutia damu ya nyama, na ikae mahali inapoweza kukauka kati ya kazi na kazi. Vitambaa vya jikoni vioshwe na vianikwe juani mpaka vikauke kabisa. Ukavu ni dawa isiyo na chupa, na watu wanaidharau.

Kuku mbichi usimwoshe kwenye sinki. Najua hili linawauma wengi waliofundishwa hivyo na mama zao. Maji yanayompiga hurusha matone hadi kwenye vyombo vilivyokaushwa pembeni, na matone hayo yanaweza kubeba bakteria wa kuharisha kama kampilobakta au salmonela. Anayewaua ni moto. Nyama yote, hadi katikati, ifike nyuzijoto 70. Ubao na kisu kilichokata nyama mbichi kisiguse kitu kitakacholiwa kibichi kabla ya kuoshwa.

Halafu kuna saa ya ukutani. Kwa bakteria wengi wanaoharibu chakula, joto kati ya nyuzi 5 na 60 ndilo shamba lao. Wakipata mazingira mazuri, baadhi yao hugawanyika kila dakika 20. Mmoja anakuwa wawili, wawili wanne. Piga hesabu: baada ya saa 7 mmoja amekuwa zaidi ya milioni 2. Ndiyo maana tunasema chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Wali una hila yake, kwani kuna bakteria ambao spora zao, yaani umbo lao la kujihami, hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukiachwa mezani hadi jioni spora hizo huchipua, na sumu wanayoiacha humo haiondoki kwa kupasha. Kilichobaki kwenye bakuli la mtoto kimekwisha changanyika na mate yake. Kitupe, usimwekee baadaye.

Kitakasa mikono ni rafiki mzuri njiani, mikono ikiwa haina uchafu wa kuonekana na kilevi chake kikiwa asilimia 60 au zaidi. Lakini kina mipaka, na hili nililijifunza kwa uchungu. Miaka ya nyuma wodini kwetu mgonjwa mmoja alianza kutapika ghafla. Mimi ndiye niliyesimamia usafi, na nilikuwa nimeweka chupa ya kitakasa kwenye kila kitanda, nikiamini tumejikinga. Kabla wiki haijaisha waliokuwa wakitapika hawakuwa mmoja, na wauguzi wawili walikuwa nyumbani wamelala. Ilikuwa norovirusi, virusi vya kutapisha na kuharisha. Haina ganda la mafuta, kwa hiyo kilevi kinaigusa kidogo tu, na chembe zisizofika hata 20 zinaweza kumwangusha mtu. Tuliporudi kwenye sabuni, maji ya kutiririka na klorini ndipo ikakoma. Spora za bakteria na mayai ya minyoo navyo kilevi hakiviwezi. Kwa hiyo mtoto akiharisha au mtu akitapika nyumbani, chupa ya mkobani iache. Nenda kwenye sinki.

Mama mkwe wako ana nusu ya ukweli, na ni nusu ya maana. Mwaka 1989 David Strachan, mtafiti wa Uingereza, alitazama kumbukumbu za watoto zaidi ya 17,000 wa nchi hiyo, akaona kwamba waliokuwa na kaka na dada wengi, hasa wakubwa wao, walipata mzio wa chavua, yaani vumbi la maua, kwa nadra. Mwaka 2016 yakachapishwa matokeo ya jamii mbili za wakulima wa Marekani zenye asili ya karibu, Waamishi na Wahutteri. Waamishi wanalima kwa njia za zamani na watoto wao wanacheza zizini, Wahutteri wanatumia mashine kubwa mbali na makazi. Kati ya watoto waliochunguzwa, wenye pumu kwa Waamishi walikuwa asilimia 5 hivi, kwa Wahutteri 21. Kinga ya mtoto inahitaji kukutana na vumbi, majani, wanyama na watu ili ijifunze nani adui na nani jirani.

Nusu aliyokosea ni kudhani kwamba kinachofundisha kinga ni ugonjwa, au udongo unaoliwa. Wale watoto wa Kiamishi hawakulishwa kinyesi. Udongo wa njia ya watu unaweza kuwa na mayai ya minyoo ya tumbo, ambayo huishi humo hata miaka, na palipo na rangi za kale au moshi wa viwanda huwa na madini ya risasi, ambayo huharibu ubongo wa mtoto taratibu. Mwache mkubwa acheze nje hadi achafuke nguo zote, ashike majani na mbuzi. Akiingia ndani kula, anawe. Mdogo akae chini, atambae, ashike vitu. Mikono yake umnawishe kabla ya kumlisha. Na kama bado ananyonya, endelea, kwani maziwa yako yanampa kingamwili ulizozitengeneza wewe mwenyewe dhidi ya vijidudu vya nyumba hiyohiyo. Mwambie mama mkwe kwamba mtaalamu amekubali kucheza na udongo na amekataa kuula. Nadhani mtaelewana.

Mwisho, kwa kuwa unaishi na hofu ya ugonjwa ule, shika haya uwe nayo tayari. Pakiti za chumvichumvi za kuongeza maji mwilini zikae ndani ya nyumba. Akiharisha, changanya moja kwa kiasi kilekile cha maji safi kilichoandikwa, usikadirie, na umpe kidogokidogo kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika 10 uanze tena polepole. Aendelee kunyonya na kula. Kliniki watampa pia vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14, na avimalize hata kama kuhara kumekoma. Mwangalie macho kama yameingia ndani, machozi kama yanatoka akilia, nepi kama imekaa kavu saa nyingi, ngozi ya tumbo ukiifinya kama inarudi taratibu. Ukiona mojawapo, au akilegea, au akishindwa kunywa, au ukaona damu kwenye choo chake, mbebe uende mara moja, hata kama ni usiku, na ule mchanganyiko uendelee kumpa njiani.